Wimbo wa Huku na Ng'ambo

"Sema! Nimekwambia sema! Simu inataka sauti yako, haitaki sura!"

"Siwezi, papa."

"Huwezi nini? Wewe mwimbaji, maneno matatu yanakushinda? Listen, kijana. Unafungua mdomo, unasema: wimbo ni wangu, yule mtu wa Goma ameuchukua bila ruhusa yangu. Kwisha habari. Hata mtoto wa nasari anaweza."

"Hakuuchukua. Nilimupa mi mwenyewe."

"Ulimpa na nini? Karatasi iko wapi?"

"Nilimupa na mudomo."

"Na mdomo!" Rutagengwa akamgeukia mke wake kama mtu aliyegongwa barabarani anayetafuta shahidi. "Mama Cyuzuzo, umesikia? Mwanao anagawa mali na mdomo."

Donatha alikuwa kwenye kigoda karibu na mlango wa nyuma, anachagua maharage kwenye ungo, na hakuinua kichwa. "Mushushe sauti," akasema. "Jirani amezima redio yake, anasikiliza ya kwetu."

Kweli redio ya jirani ilikuwa imenyamaza. Rutagengwa akashusha sauti, lakini simu hakuishusha. Alikuwa ameishika mbele ya mdomo wa mwanawe kama daktari anayesubiri mgonjwa atoe ulimi.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Cyuzuzo alimaliza shule mwaka jana, cheti kiko kwenye bahasha, kazi haiko popote. Kitu alichokuwa nacho ni wimbo mmoja, unaitwa "Foleni," wimbo wa wanawake wanaopanga mstari kwenye barrière ya mpaka asubuhi na nyanya zao kichwani. Aliutengeneza na Cedric, kijana wa Goma, ndani ya chumba cha Cedric kule Birere. Yeye sauti, Cedric gitaa. Halafu ikaja kampuni moja ya Kigali, wana gemu ya simu, zile za mdundo: muziki unapiga, vitone vinashuka kwenye kioo, wewe unavigonga na kidole vikifika kwenye mstari, ukichelewa umekufa. Wakataka "Foleni." Mtu wao, kaka mmoja anaitwa Kenny, alileta mkataba wa Kiingereza, na Rutagengwa, aliyekulia Uganda, akausoma kwa sauti hapo sebuleni kama anasoma Zaburi. Kulikuwa na neno eksklusivu. Kenny akasema maana yake ni sisi peke yetu. Cyuzuzo akauliza, hapa Rwanda? Kenny, jicho moja liko kwenye saa, akasema ndiyo, si gemu yetu iko Rwanda.

Mtoto wa Kigali angeuliza mara ya pili. Mtoto wa Mbugangari, mtaa wa Gisenyi, hakuona sababu. Amekulia karibu na mpaka, na hapo kila kitu kina pande mbili. Nyanya zina bei ya huku na bei ya ng'ambo, maziwa hivyo hivyo, unga hivyo hivyo, na ukishauza huku hakuna anayekuuliza ng'ambo umemwachia nani. Siku ile ile alivuka akamweleza Cedric, ambaye naye alikuwa anatengeneza gemu yake ya vitone, peke yake, kwenye kompyuta yenye kioo kilichopasuka. Wakagawana wimbo kama wanawake wa foleni wanavyogawana gunia: we chukua huku, mi nibaki na ng'ambo. Wakapeana mikono, wakaenda kununua maandazi.

Sasa nani aliiambia gemu isimame kwenye barrière? Nusu ya watoto wa Gisenyi wana laini za Congo, mtandao unavuka bila kuonyesha kitambulisho. Alhamisi Kenny alikuja kuandaa sherehe ya gemu ufukweni, akakuta watoto wanagonga "Foleni" ya ng'ambo wala si ya kwake, kwa sababu ile ya ng'ambo ilikuwa nzima mpaka mwisho na yake ilikuwa imekatwa. Jumamosi hii akapiga simu. Kama Cyuzuzo aliutoa mwenyewe, mkataba umekufa na pesa walizomlipa zirudi. Kama uliibiwa, aseme kwa sauti yake, kampuni itawaandikia wenye duka la gemu la mtandaoni waifunge hiyo gemu.

Na pesa zilishakuwa pikipiki ya kubeba abiria. Ilikuwa imeegeshwa hapo hapo sebuleni, dereva ameirudisha mapema kwa sababu ya mvua, Donatha ameifunika kitenge kama mgonjwa.

"Papa, Cedric ni rafiki yangu. Sina mwingine."

"Utapata wengine. Ukiwa na jina, marafiki wanakuja wenyewe, utachoka kuwafukuza." Rutagengwa akavuta pumzi. Aliposema tena, hakuwa anagomba. "Sikia, mwanangu. Miaka yote hii niko kwenye geti la hoteli. Wageni wananipigia honi kama wanafukuza mbuzi. Juzi mkurugenzi amefika, ameshusha kioo. Ameshusha kioo, Cyuzuzo! Ananiuliza, afande, ni kweli huyu wa kwenye gemu ya watoto wangu ni kijana wako? Mimi nikasimama hivi." Akasimama kumwonyesha, kifua mbele, mikono imenyooka, katikati ya sebule, karibu na pikipiki yenye kitenge. "Sasa unataka nirudi nimwambie tulikosea?"

"Na mi je?" Donatha akasema. "Vyombo vyangu vinalalaka kwa nani?"

Hilo lilikuwa swali. Mwanamke wa foleni harudi na mabeseni yake jioni. Anayaacha ng'ambo kwa mtu wake, pamoja na mzani na nyanya zilizobaki, asubuhi anavuka na nyanya mpya tu kichwani, anaanza kuuza. Mtu wa Donatha alikuwa Illuminée, mama yake Cedric. Hakuna karatasi, hakuna kodi, tangu vijana hawa wawili wanatambaa pamoja chini ya meza ya nyanya.

"Illuminée ni mtu mzima," Rutagengwa akasema. "Hawezi kuingilia mambo ya watoto."

Donatha akatikisa ungo, akapuliza makapi. Cyuzuzo akawa anamwangalia. Kama mama yake angesema acha, angeacha, baba angefoka mpaka achoke, na ingeishia hapo.

"Sema tu, mwana wangu," Donatha akasema. "Nitaongea na Illuminée mi mwenyewe. Maneno yanapitaka."

Basi akasema. Rutagengwa akairudisha rekodi kusikiliza kama imeshika, na sauti ikatoka kwenye simu, safi, haijakwama hata mahali pamoja, sauti nzuri ya mwimbaji. Ungeisikia ungeiamini. Rutagengwa akamtumia Kenny.

Kwa jirani redio ikawashwa tena.

*

Jumapili ufukwe ulijaa. Kenny alikuwa amefunga spika kubwa mbili, kioo cha kuonyesha vitone kipana kama ukuta wa duka, na meza ya fulana zenye jina la gemu. Watoto walikuja kutoka Nengo kwa magari ya wazazi na kutoka Mbugangari kwa miguu. Rutagengwa alikuja na suti yake ya harusi za watu, akasimama karibu na spika ya kushoto, na kila aliyepita alimwelekezea kidole kule jukwaani.

"Leo ni siku yako, brother," Kenny akamwambia Cyuzuzo. "Wale wa Goma usiwawaze. Vijana wetu wa ofisini wameshatuma malalamiko. Hizo kazi hazichukui muda."

Muziki ukaanza. Gitaa la Cedric likatoka kwenye spika likatapakaa juu ya ziwa, na Cyuzuzo akafungua mdomo. Alikuwa amengoja siku kama hii tangu akiwa mdogo. Alidhani watu wataruka, au watacheza, au angalau watamwangalia. Hakuna aliyemwangalia. Macho yote yalikuwa kwenye kioo nyuma yake, vitone vinashuka, na vidole mia tatu vinagonga: kwenye mapaja, kwenye chupa za soda, kwenye migongo ya wadogo zao. Walikuwa hawakosei hata kitone. Walikuwa wameujua wimbo wake kwa vidole. Akaacha kuimba maneno mawili makusudi, kujaribu. Vidole vikaendelea.

Halafu ikafika pale kampuni ilipokata. Kwenye gemu, hapo ndipo pointi zinahesabiwa na mchezo umeisha. Kwenye wimbo, hapo ndipo unapoanza kuwa wimbo: gitaa linashuka, na Cedric anaita wanawake wa foleni jina kwa jina, na Cyuzuzo anaitika kwa kila mmoja. Walikuwa wameirekodi sehemu hiyo usiku, umeme ukakatika kabla hawajamaliza, wakarudia kesho yake na wote wawili wana mafua. Muziki ukakatika, vidole vikasimama. Watoto wakageuka wakakimbilia meza ya fulana. Cyuzuzo aliendelea kuitika majina, ufukwe unamwonyesha migongo, na mtu mmoja tu aliyebaki anapiga makofi, nje ya mdundo kabisa, ni baba yake.

Kenny akamfanyia ishara ya mkasi kwa vidole. Kipaza sauti kikazimwa.

"Wimbo haujaisha," Cyuzuzo akasema aliposhuka.

"Watu wanaujua mpaka pale."

"Kuna sehemu nyingine."

"Kwenye gemu haiko." Kenny akampiga bega. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na shughuli. "Chukua fulana, brother. Chukua na ya mama."

Simu ikatetemeka mfukoni. Alikuwa Cedric. Ujumbe ulisema: *Ndugu yangu, bamefunga gemu yangu. Banasema niliiba wimbo. Nani anaweza sema vile? Unisaidie kujua ni nani.*

Akausoma amesimama kwenye mchanga, fulana mbili mkononi, watu wanampita kila upande.

*

Jumatatu asubuhi Donatha alisema mguu unamuuma, leo havuki. Mguu ule ule ulikuwa umeshaenda bombani mara mbili na jerikani. Cyuzuzo hakumwambia kitu. Alivaa viatu, akapanga foleni, akachukua jeton, kile kikaratasi cha kuvukia, akavuka.

Cedric alikuwa mlangoni kwao, kifua wazi, macho mekundu ya kutolala. "Ndugu yangu! Umekuya! Ingia, ingia. Mi nilijua utakuya."

Chumba kilikuwa kile kile, godoro, gitaa ukutani, kompyuta yenye ufa. Cedric akamkalisha mbele ya kioo.

"Angalia. Nimeandika plainte, barua ya kulalamika. Nimebaambia: mumuulize Cyuzuzo mwenyewe, ule ni ndugu yangu, atasema kweli. Nilikuwa nangojea we tu ndio nitume. Unaonaje, niweke na namba yako?"

"Cedric."

"Bon, kama hautaki namba, niweke jina tu. Sababu jina yako kule Kigali banaijua."

"Cedric. Njo mi."

"Njo we nini?"

"Mi njo nilisema umeiba."

Cedric akacheka. Alicheka kidogo, akamngojea na yeye acheke, na alipoona hacheki akaacha, akajipangusa mdomo na kiganja. Nje chukudu, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ilipita juu ya mawe ya volkano, magurudumu ya mbao yanalia, ikaenda mpaka haikusikika.

"Ulisema na mudomo yako?"

"Na mudomo yangu. Kwenye simu."

"Nani alikushikia bunduki?"

"Papa alinishikia simu."

"Aa. Simu." Akakaa kwenye godoro. "Na balikupatia nini?"

"Ni zile pesa za mukataba. Papa alinunua moto, pikipiki."

"Iko rangi gani?"

"Nini?"

"Ile moto. Iko rangi gani?"

"Nyekundu."

"Bon. Nyekundu iko muzuri." Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayechagua rangi dukani. Kisha akasema, "Haikuwa wimbo yako tu mule ndani. Kulikuwa na ya kwaya ya mama. Kulikuwa na ya ule muzee wa soko mwenye kupigaka likembe, alikuwa anakuyaka hapa kila siku kuniuliza leo batoto ngapi bamemugonga. Compte yote, akaunti nzima, bameifunga. Siyo juma moja, siyo mwezi. Kabisa."

"Nitasema tena. Nitabaambia kweli."

"Utasema tena?"

"Leo leo."

"Na sauti ile ile?"

Cedric akainuka, akazima kompyuta, akavaa shati, akafunga vifungo mpaka cha shingoni kama anaenda ofisini. "Monsieur, munakunywa chai?"

"Usiniite vile."

"Munakunywa ao hamukunywi? Niambie mama aweke maji."

"Cedric, tafazali. Unitukane. Unipige hata."

"Hapana, monsieur. Muko mugeni."

Illuminée aliingia bila kuitwa. Ukuta wa pale ni mbao tu, alikuwa amesikia yote akiwa uani. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, ambaye kwa maisha yote ya Cyuzuzo alimpokea kwa kumfinya shavu. Safari hii mikono ilikuwa na kazi nyingine. Alikuwa amebeba mabeseni ya Donatha, yamepangwa moja ndani ya jingine, mzani juu, na nyanya zilizobaki zimefunikwa kitambaa safi. Alikuwa amezipangusa, moja moja.

"Mama yako iko muzima?"

"Ndiyo, mama. Mguu unamuuma."

"Pole yake. Umupelekee bintu byake."

"Mama Cedric, yeye atakuya kesho, mwenyewe alisema mutaongea..."

"Hapana, mwana wangu. Kitu ya mutu ilale kwake. Wasije kusema sisi tuliiba."

Alisema bila ukali. Akamsaidia kuyapandisha kichwani, akamwekea kata ya kitambaa chini yasimwumize, maana malezi ni malezi. Cedric alifungua mlango, akaushika mpaka mgeni apite.

Kurudi ni mstari mwingine. Kwenye barrière kijana mwenye mabeseni kichwani ni sinema ya bure. "Haya, siku hizi wanaume ndio wanauza nyanya?" askari mmoja akasema, na watu wakacheka. Lakini wanawake hawakucheka. Mmoja alisogea, akaangalia rangi ya kijani iliyopakwa ukingoni mwa beseni, akashika mdomo.

"Hii si ya Donatha? Mana yanjye! Amekufa?"

Kwa maana mabeseni hayarudi hivi hivi. Yanarudi mwenyewe akifa, au akiacha kazi.

"Iko muzima," Cyuzuzo akasema.

"Sasa mbona bintu byake binarudi?"

Yule mama akamtazama, akatazama mzani, akatazama alikotoka, na bila kuambiwa akaelewa kwamba kuna nyumba imegombana na nyumba. Akarudi kwenye nafasi yake. Cyuzuzo akamsikia anawanong'oneza wenzake, na ule mstari wote mrefu, wanawake aliowaimba, ukageuza shingo kumwangalia. Ilikuwa mara ya kwanza watu wengi hivyo kumwangalia.

*

Donatha alikuwa uani alipomwona anaingia. Akaangalia mabeseni, akakaa chini palepale kwenye saruji, miguu imenyooshwa, wote mzima na ule mgonjwa.

"Alisema nini?"

"Kitu ya mutu ilale kwake. Wasije kusema waliiba."

Donatha akatoa kitambaa, akakikunja mara nne, akakiweka pembeni kwa sababu kilikuwa cha Illuminée na itabidi kirudi, ingawa hakujua kwa mkono wa nani. "Kesho nitauzia wapi?" akasema. Hakuwa anamwuliza mtu.

Giza lilipoanza, waliingia ndani. Rutagengwa alikuwa amekaa kitini, anavaa sare ya zamu, buti ziko mbele yake. Aliona nyuso zao, akaona mabeseni mlangoni.

"Atapoa," akasema. "Wanawake wa foleni, Jumatatu wanagombana, Jumatano wanasukana nywele."

"We unajua geti," Donatha akamjibu. "Foleni hauijui."

"Sasa mnataka nifanye nini? Niende Goma nipige magoti?"

Cyuzuzo alishatoa simu yake. Alisimama nyuma ya pikipiki, kama imemkinga, akabonyeza, akaanza kusema haraka kabla hajajisikia. "Kenny, ni Cyuzuzo. Jumamosi nilisema uongo. Ule wimbo tulitengeneza wawili, gitaa ni ya Cedric, na ng'ambo nilimupa mi mwenyewe, na mudomo yangu, tukapeana mikono. Hakuiba. Mumufungulie."

"Wewe! Zima hiyo! Nimesema zima!" Rutagengwa aliruka na buti moja mguuni, akazunguka pikipiki kwa kulia, mwanawe akazunguka kwa kushoto, wakazunguka hivyo mara mbili kama watoto, na kidole kikaachia. Ujumbe ukaenda.

Wakasimama wote wanahema. Haikuchukua muda Kenny akapiga. Cyuzuzo akaweka sauti kubwa, ili asije kuulizwa baadaye alisema nini.

"Brother, umekunywa?"

"Hapana."

"Unajua ulichofanya? Nimeshawapelekea wakubwa ile ya kwanza. Sasa niwaambie mimi ndiye nimedanganywa?"

"Ndiyo. Na Cedric mumufungulie."

"Hiyo si sisi tunafungua. Ikishafungwa imefungwa, hawarudishi. Sikia, wewe mkataba wako umekwisha. Pesa zinarudi mpaka mwisho wa mwezi. Na wimbo tunautoa kwenye gemu, hatuwezi kukaa na wimbo wenye kesi."

"Sawa. Basi nirudishieni wimbo."

Kenny aliposema tena alikuwa mpole, na upole wake ndio uliotisha. "Hapana, brother. Eksklusivu ni miaka mitano. Imeandikwa, ukivunja wewe, haki inabaki kwetu. Huwezi kumpa mtu, huwezi kuuweka popote, harusini wakirekodi ni kosa."

"Kwani nyinyi mutaucheza?"

"Nimekwambia tunautoa."

"Kwa hiyo nani ataucheza?"

"Hakuna," Kenny akasema. Kisha, "Pole," na simu ikakatika.

Rutagengwa akarudi kitini polepole. Akaiangalia pikipiki, akavuta kitenge kikafunika tairi iliyokuwa wazi. "Haya," akasema. "Umepata nini? Nieleze, labda mimi ni mzee sielewi. Rafiki amerudi?"

"Hapana."

"Mama yako amepata pa kuuzia?"

"Hapana."

"Wimbo unao?"

"Hapana, papa."

"Sasa kesho getini wakiniuliza habari za kijana wangu, niseme nini?"

"Useme Cedric hakuiba."

"Hakuna mtu getini anayemjua Cedric!"

"Najua."

Donatha alikuwa ameegemea ukuta, mikono kifuani. Cyuzuzo akamwangalia kama alivyomwangalia Jumamosi, na yeye akaangalia maharage yaliyokuwa yanachemka jikoni, akaenda kuyakoroga. Hayakuhitaji kukorogwa.

Cyuzuzo akachukua koti lake kwenye msumari.

"Unaenda wapi?" Donatha akauliza kutoka jikoni. "Barrière imeshafungwa."

"Najua, mama."

"Sasa unaenda kwa nani?"

Akafikiria. Alitaka kweli kumpa jina, alipita kichwani nyumba kwa nyumba, Nengo, sokoni, wale aliosoma nao, na hakukuta mlango ambao angeugonga wakauliza ni nani, akasema ni mi, ikatosha. "Natoka tu," akasema.

Rutagengwa alikuwa ameinama anafunga kamba za buti ya pili. Alifunga, akafungua, akafunga tena. Cyuzuzo alisimama kizingitini, nusu ndani nusu nje, anamngojea aseme kitu, hata tusi, hata usirudi. Kamba zikafika mwisho. Baba hakuinua kichwa.

"Funga mlango," akasema. "Mbu wanaingia."

Cyuzuzo akatoka, akaufunga.